Ushindi wa Watu Waliokiri Makosa Yao

Septemba 1929, daktari Mwingereza aliyechoshwa na kazi alifika Kampala kupumzika. Daktari huyo, Joe Church, alihudumu katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, eneo lililokuwa limetoka kupigwa na njaa kali. Huko Kampala, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu kama yake ya kumjua Mungu. Walikaa siku mbili na Biblia mikononi, wakisoma habari za Roho Mtakatifu na kuomba pamoja. Nsibambi akaacha kazi ya serikali akawa mhubiri. Church akarudi Gahini.

Ni vigumu leo kuona uzito wa kikao kile. Zama za ukoloni, mzungu alizoea kufundisha na Mwafrika kufundishwa. Hawa wawili walikiriana upungufu wao kama ndugu. Miaka michache baadaye Gahini ikawaka. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa akiongoza shule ya wainjilisti pale, na kuanzia mwishoni mwa 1933 watu walisimama mikutanoni wakiungama dhambi zao waziwazi. Kigozi alifariki Januari 1936, bado kijana, lakini mwamko huo, ulioitwa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulikuwa umeshavuka mipaka. Ulifika Kigezi na Buganda, Burundi, Kenya, na Bukoba kwa Walutheri wa Tanganyika.

Waliookoka wa Uamsho hawakudai kwamba hawaanguki tena. Kwao, maisha ya ushindi yalikuwa kutokaa na dhambi iliyofichwa: ukikosa, unarudi msalabani siku hiyohiyo, unaungama, unatengeneza. Wenyewe waliiita njia hiyo kutembea nuruni. Kila wiki walikutana, mara nyingi chini ya mti au nyumbani kwa mmoja wao, na kila mtu akasema hali ya moyo wake. Mwanamke asiyejua kusoma alimweleza mchungaji mahali alipomkosea, na mchungaji akaomba radhi. Wamisionari nao waliungama kiburi chao mbele ya Waafrika.

Kisha kukaja kurudisha. Vitu vilivyoibwa vilipelekwa kwa wenyewe, madeni yaliyosahauliwa yakalipwa, maadui wa ukoo wakatembeleana. Hapa ndipo ulipokuwa mvuto wa Uamsho kwa watu wasiokanyaga kanisani. Jirani anaweza kubisha mahubiri mwaka mzima, lakini atabisha nini mwizi wake anapobisha hodi na kumrudishia mali yake?

Nguvu hiyo ilileta pia misukosuko. Mwaka 1941, wanafunzi zaidi ya ishirini, William Nagenda akiwamo, walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya ibada zao za alfajiri na kukemea kwao uovu chuoni. Baadhi ya ndugu wa Uamsho walizidi ukali, wakahukumu mavazi na mikopo ya wenzao kana kwamba wokovu unapimwa kwa vitu hivyo. Na Rwanda, nchi ambako moto uliwaka mapema, ndiyo iliyopatwa na mauaji ya kimbari ya 1994, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa. Anayeupenda Uamsho hana budi kulitazama jambo hilo bila kupepesa macho. Kuungama wivu na wizi hakukutosha mahali ambapo chuki ya kabila haikutajwa kuwa dhambi.

Palipotajwa, mambo yalikuwa mengine. Nchini Kenya, hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, wakisema wameshainywa damu ya Kristo. Wengi wao walikataa pia kubeba bunduki za serikali dhidi ya jamaa zao. Pande zote mbili ziliwashuku, na baadhi yao waliuawa.

Kisha ikaja Uganda ya Rais Idi Amin. Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kupitia Uamsho, aliungana na maaskofu wenzake kuandika barua ya kupinga mauaji ya raia. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa. Serikali ikadai ni ajali ya gari. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa nchini Uganda. 

Festo Kivengere, askofu wa Kigezi aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alinusurika baada ya kifo cha Luwum kwa kuvuka milima usiku na mkewe hadi Rwanda. Uhamishoni aligundua kwamba chuki dhidi ya Amin ilikuwa inamkausha rohoni. Ijumaa Kuu, akiwa London, alitafakari jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha, akaungama uchungu wake na kumsamehe Amin. Mwaka huo alitoa kitabu ambacho jina lake lilisema wazi kwamba anampenda Idi Amin. Waganda waliofiwa walikuwa na haki ya kukasirishwa na jina hilo. Lakini Kivengere hakuacha kuyataja maovu ya utawala ule, na Amin alipopinduliwa mwaka 1979 alirudi Kabale, kwenye dayosisi yake, akaendelea kuhubiri upatanisho mpaka alipofariki mwaka 1988.