Ampuli ya taa ya ukungu: tubadilishe wenyewe

Wandugu, ukipanda asubuhi kutoka Bukavu kupitia Kahuzi-Biega, mwanga wa taa kubwa unagonga ukungu, unakurudilia machoni. Taa ya ukungu, iliyo chini, ndiyo inakuonyesha kando ya barabara na mama mwenye mzigo mgongoni.

Ampuli yake ikiungua, mimi naibadilisha mwenyewe hapa Kadutu. Nazima kontakti, naacha taa ipoe. Naingiza mkono nyuma ya bampa, nachomoa waya, nazungusha ampuli, inatoka. Nasoma namba: H8 ni wati 35, H11 ni wati 55. Nanunua ileile, maana joto likizidi, plastiki inaweza kuyeyuka.

Kioo kipya usikiguse na vidole: mafuta ya ngozi yanakichoma, ampuli haidumu. Shika kitako tu. Kisha washa zote mbili mbele ya ukuta, ndipo safari.