Unampenda au Unamlemaza?

Hebu tuulizane ukweli, msomaji. Mwenzi wako akipata kiharusi leo, akarudi nyumbani upande mmoja wa mwili ukiwa hauna nguvu, utafanya nini? Jibu lako nalijua. Utamlisha, utamwogesha, utamvalisha, utamshika mkono hadi mlango wa choo. Utafanya kwa moyo wote, na majirani watakusifia: "Yule dada ana mapenzi ya kweli, jamani!"

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo huenda usilipende. Mapenzi hayo hayo yanaweza kuwa ndiyo yanamchelewesha mwenzio kupona. Tena si maneno ya mtaani haya. Wataalamu wa fiziotherapia wana namna ya kulipima jambo hilo, kwa alama kabisa, na mimi nimelishuhudia kwa macho yangu mjini Songea.

Na usidhani kiharusi ni habari za babu na bibi tu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu watu waliopata kiharusi kwa mara ya kwanza wilayani Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai walipatikana wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa takriban 316! Shinikizo la damu ni chanzo kikubwa, na wengi wetu tunaofanya kazi maofisini hatujui hata presha yetu ikoje.

Nyumba moja pale Bombambili

Rafiki yangu wa tangu chuo anaishi Bombambili, Songea, na mumewe na watoto wawili. Wamekubali niandike habari zao bila majina. Mume ana miaka 43. Alipata kiharusi kilichoshika upande wa kulia. Maneno yake yalirudi vizuri, akili iko palepale, utani uko palepale. Mkono na mguu ndivyo vilivyobaki nyuma.

Nilipofika kuwasalimia nilikuta nyumba imepangwa kumzunguka yeye. Asubuhi mke anaamka saa kumi na moja, anamwogesha, anamnyoa, anamvalisha, halafu ndipo anajiandaa kwenda kazini. Mchana binti wa kazi anamlisha. Jioni mke anarudi anaanza upya.

Kuna kitu kimoja kilinigusa zaidi. Mkono wa kushoto wa shemeji ulikuwa mzima kabisa. Kwa nini alishwe? Mke akanijibu kwa sauti ya chini: "Atakulaje ugali kwa kushoto mbele za watu? Wageni wanaingia muda wote. Sitaki waseme."

Unaona mambo yalivyo? Sisi tumelelewa kwamba mkono wa kushoto hauingii kwenye sahani. Kwa hiyo mtu mzima, baba wa watoto wawili, analishwa kama mtoto ili kulinda heshima. Heshima ya nani, sasa?

"Jana nani alikuvalisha shati?"

Wiki ile walikuwa na miadi ya mazoezi hospitalini, wakaniruhusu niwasindikize. Nilitegemea kuona mashine na vyuma. Nikakuta dada mmoja mpole, ana karatasi moja na kalamu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Leo sitaanza na mazoezi, nitaanza na maswali. Unaweza kuvaa shati mwenyewe?"

"Naweza," shemeji akajibu haraka. Na kweli, alipopewa shati alianza na mkono mgonjwa kama alivyofundishwa wodini, akavuta, akahangaika na vifungo, akafunga viwili kabla ya kuishiwa pumzi.

"Vizuri sana. Na jana, nani alikuvalisha?"

Kimya. Mke ndiye aliyejibu: "Mimi. Yeye anachelewa, na mimi nawahi kazini."

Yule dada akaandika sifuri. Rafiki yangu akashtuka: "Sifuri kwa nini, si umemwona anaweza?" Akajibiwa kwa upole kwamba karatasi ile haiandiki anachoweza mtu akiwa hospitali. Inaandika anachofanya nyumbani kwake.

Karatasi yenyewe ni ipi?

Inaitwa kipimo cha Barthel. Kilichapishwa mwaka 1965 kule Maryland, Marekani, na daktari Florence Mahoney pamoja na mtaalamu wa fiziotherapia Dorothea Barthel. Ni cha zamani, lakini mpaka leo kinatumika sehemu nyingi duniani, Tanzania ikiwemo.

Kinaangalia mambo kumi tu ya kila siku: kula, kuoga, kujisafisha uso, meno na ndevu, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kutumia choo, kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kutembea, na kupanda ngazi. Kila jambo lina alama zake, jumla 100. Ukitumia fimbo au kifaa kingine hupunguziwi, mradi unafanya mwenyewe. Ila kama ni lazima mtu asimame pembeni akuangalie, hiyo haihesabiki kuwa umejitegemea.

Shemeji alipata 50. Kula sifuri, kuoga sifuri, kujisafisha sifuri, kuvaa sifuri. Nilimwangalia usoni, nikaona karatasi imemuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Wataalamu hawakutenganisha "anaweza" na "anafanya" kwa kupenda maneno. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo wa kueleza hali ya mtu mwenye ulemavu, na ndani yake mambo hayo mawili yanaandikwa mbali mbali. Mtu akiweza jambo hospitali lakini halifanyi nyumbani, tatizo huenda haliko mwilini mwake. Linaweza kuwa ngazi, choo, kiti kifupi, aibu, au mke mwenye haraka.

Kiungo kisichotumika husahau

Utasema, sasa akisaidiwa ubaya uko wapi, si atafanya akishapona? Hapo ndipo penyewe. Baada ya kiharusi ubongo hujifunza upya kwa kutumia kiungo. Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, alieleza kwamba mgonjwa anapojaribu mkono mara kadhaa ukashindwa, huanza kuuacha. Baadaye, hata nguvu zikirudi kidogo, mkono unabaki umekaa tu kwa mazoea.

Mwaka 2006 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusu wagonjwa 222, waliokuwa na miezi mitatu hadi tisa tangu wapate kiharusi. Waliokuwa kwenye kundi la tiba walivalishwa glovu nene kwenye mkono mzima kwa sehemu kubwa ya siku, wiki mbili mfululizo, huku wakizoezwa ule mgonjwa. Mkono mgonjwa uliamka kuliko wa wale waliopata huduma ya kawaida, na mwaka mmoja baadaye tofauti ilikuwa bado inaonekana.

Tafadhali, usikimbilie kumfunga mtu mkono nyumbani! Ile ni tiba ya wataalamu, na inawafaa wagonjwa ambao mkono wao tayari una uhai kidogo. Ninachotaka uchukue ni hiki: kila kifungo unachomfungia kwa haraka zako ni zoezi umemnyima.

Songea si Maryland

Hata hivyo, karatasi haijui kila kitu. Kwenye "ngazi" Maryland wanafikiria ngazi za ndani ya nyumba. Songea ni mji wa miinuko, na nyumba nyingi zina choo cha kuchuchumaa nje, tena njia yake mvua ikinyesha inateleza. Kuna kupanda bodaboda. Kuna kukaa mkekani msibani. Kuna kuinua ndoo. Mtu anaweza kupata alama nzuri kwa kiti cha choo cha hospitali, halafu nyumbani kwake asiweze kuchuchumaa na kuinuka.

Mahoney na Barthel wenyewe walilionya hilo. Waliandika kwamba mwenye alama 100 anaweza asiwe na uwezo wa kupika, kutunza nyumba wala kukutana na watu. Ila anaweza kuishi bila mtu wa kumhudumia mwili wake.

Tanzania tumeshaonyesha kwamba maswali yanaweza kuandikwa upya. Vipimo vingi vya Magharibi huuliza kuhusu kupiga simu, kufanya manunuzi na kutunza fedha. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa vijijini wilayani Hai waliona maswali ya aina hiyo hayawatoshi, wakatunga dodoso linalofuata maisha ya wazee wenyewe, na mwaka 2014 wakalichapisha. Lengo lao lilikuwa kutambua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, lakini somo ni lile lile: usimpime mtu kwa maisha ya mwingine.

Ndiyo maana yule dada, alipomaliza karatasi, aliuliza swali ambalo halikuandikwa: "Baba, kitu gani kimoja unatamani kukifanya tena?" Nilidhani atasema kurudi kazini. Akasema: "Nataka nikae mezani nile na wanangu. Bila kulishwa."

Ya chumbani nayo

Usiku ule rafiki yangu alinifungukia. Tangu mumewe augue, hawajawahi kulala kama mke na mume. Hakuna aliyemkatalia mwenzake, ila kila mmoja ameshazoea kazi nyingine. "Mtu nimemwogesha asubuhi, nimemvalisha, nimemlisha. Jioni namuona kama mgonjwa wangu. Na yeye ananiita 'dada nesi' kwa utani, lakini si utani."

Hili wanandoa wengi hawalisemi. Mtu anayehudumiwa kila kitu huona aibu kumtamani anayemhudumia, na anayehudumia huchoka hadi hana cha kubakiza. Kumwachia mwenzio ajioshe mwenyewe kunaweza kuonekana ni ukatili, kumbe unamrudishia mwili wake. Na kama mna hofu kuhusu tendo la ndoa baada ya kiharusi, muulizeni daktari wazi wazi. Si swali la aibu hata kidogo.

Walichobadilisha

Hawakununua mashine. Mke alisogeza ratiba: mume anaanza kuvaa nusu saa kabla, mke akiwa chumba kingine. Bafuni waliweka stuli imara, na ndoo ikawa upande wa mkono mzima. Mezani kikaja kijiko, mkono wa kushoto ukafanya kazi, na wa kulia ukapangiwa kazi ya kushika sahani. Wageni? Shemeji mwenyewe aliwaambia: "Samahanini, huu wa kulia uko shule."

Baada ya wiki sita walipimwa tena. Kula 5, kwa sababu nyama bado anakatiwa. Kuoga 5, kujisafisha 5, kuvaa 5, na choo kikapanda kutoka 5 hadi 10. Jumla 75. Kutembea na ngazi hazikusogea hata alama moja, na bado anatembea akiwa ameshikwa. Sitaki nikudanganye kwamba amepona. Lakini alama 20 kati ya zile 25 zilitoka kwenye mambo manne ambayo alikuwa akifanyiwa kila kitu.

Kabla hujampeleka kwa mtaalamu

Kama una mgonjwa nyumbani, awe mwenzi au mzazi, haya yatakusaidia:

1. Kwa siku mbili andika anachofanya mwenyewe, anachosaidiwa, na anachofanyiwa chote. Sema ukweli, usimpambe.

2. Mwache ajibu kwanza. Wewe ongezea baadaye.

3. Eleza nyumba yenu: choo ni cha aina gani, ngazi ziko ngapi, kitanda kina urefu gani, maji mnachota wapi.

4. Nenda na viatu na fimbo anavyotumia siku zote. Kwa wazee huenda ukaona wakipimwa kwa saa: anainuka kwenye kiti, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi kukaa. Akitumia sekunde 12 au zaidi, ni dalili kwamba yuko kwenye hatari ya kuanguka.

5. Uliza alama zake, ziandike, na uliza lini atapimwa tena. Alama moja peke yake haisemi mengi. Mbili zinaonyesha safari.

6. Akijaribu jambo nyumbani, kaa karibu asianguke, lakini mikono yako iwe nyuma.

Kwa walioko Ruvuma, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Songea mjini, au Hospitali ya Mtakatifu Yosefu kule Peramiho, ukaulizie huduma za fiziotherapia. Na ukiona uso umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayatoki, usisubiri kuche. Hospitali moja kwa moja!

Nawe uliye mzima unayesoma haya, kapime presha wiki hii, nenda na mwenzio. Halafu mkirudi, ulizaneni swali lile la yule dada: siku mmoja wetu akiugua, ni kitu gani kimoja asingependa kabisa kufanyiwa na mwingine? Kwa shemeji kilikuwa tonge la ugali. Cha kwako huenda ni kingine, na ni vizuri mwenzio akakijua mapema.