Salfa ina bei: hesabu ya mawe ya chokaa kwenye boila

Katika Soko la Burma jijini Nairobi, karibu na Barabara ya Jogoo, makaa ni yale ya gunia, ya kuchomea mbavu na kuchemshia supu. Hutoa masizi na gesi ya kaboni monoksidi, lakini salfa yake ni haba kwa kuwa yametokana na miti. Makaa ya mawe ni jamii nyingine. Tani moja yenye salfa ya asilimia 1 hubeba kilo 10 za salfa, nazo zikiungua zote hutoa takriban kilo 20 za dioksidi ya salfa. Gesi hiyo hubana kifua cha mwenye pumu, na ikikutana na unyevu hugeuka asidi inayokula mabati. Mwenye bucha hanunui makaa hayo, ila yakichomwa jirani bila udhibiti, gharama humfikia.

Nchini Kenya, wachomaji wakubwa wa makaa ya mawe ni viwanda vya saruji kama vile vya Athi River, vinavyoyaagiza kupitia bandari ya Mombasa. Kwenye tanuri ya saruji, mawe ya chokaa yaliyomo tayari hunasa sehemu kubwa ya salfa. Boila ya mvuke haina bahati hiyo, kwa hiyo chokaa lazima inunuliwe.

Boila inayorahisisha kazi hiyo ni ile yenye kitanda cha mchanga na majivu kinachopulizwa hewa kutoka chini hadi kikatokota kama uji. Makaa yaliyopondwa huungulia humo pamoja na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Joto hugeuza mawe kuwa chokaa, nayo hushika salfa na kuwa salfeti ya kalsiamu inayotoka na majivu. Siri iko kwenye joto la karibu nyuzi 850 za Selsiasi. Likipanda mno, unasaji hupungua.

Hesabu haifichiki. Kikemia, kilo 10 za salfa zinahitaji kilo 31 za mawe ya chokaa. Kiwandani, kunasa asilimia 90 huhitaji mara mbili au zaidi, yaani kilo 60 hadi 80 kwa kila tani ya makaa hayo. Ongeza usafiri, kusaga, na majivu ya ziada ya kutupa. Kishawishi cha meneja kupunguza chokaa usiku kinaanzia hapo. Hata hivyo, mawe yenyewe hayatoki ng'ambo: yako Kajiado na pwani.

Kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2014 ziliweka viwango na kudai leseni ya utoaji moshi kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Kisa cha Lamu kilionyesha uzito wa leseni za mazingira. Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mazingira ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliopangwa huko, ikitaja upungufu katika kushirikisha umma na katika tathmini ya mazingira.

Anayetaka kuwasha boila ya makaa ya mawe aanze kwa kutaja salfa ya makaa yake, kiasi cha chokaa atakachotia, na kipimo cha dohani kitakachosomwa kila saa, vyote vikiwa wazi kwa majirani. Pale Burma nyama hupimwa mbele ya mnunuzi, naye huuona mshale wa mizani kabla ya kulipa. Anayevuta hewa ya kiwanda anastahili haki hiyohiyo.