Ordinateri ikikwama, usikubali waiformate kwanza

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama munaobaki nyumbani na hesabu, leo hatusemi juu ya bei ya kareti. Tunasema juu ya ile ordinateri iko kwenye meza ya salon. Ndani yake kooperative nyingi zinaandika majina ya memba, uzito wa mawe, na deni la kila ekipe kwa supporteri, yule anayelisha watu mpaka jiwe lionekane. Tangu Kode ya madini ya 2018, sheria 18/001 ya tarehe 9 mwezi wa tatu, mchimbaji wa mikono anatakiwa awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa na serikali. Kooperative bila liste ni maneno tu.

Hapa Kisangani kura inatoka kwenye maporomoko ya mto Tshopo, kiwanda cha tangu miaka ya 1950. Tangu wakati ule mji umepanuka sana. Kura inakatika, inarudi kwa nguvu, inashuka tena, na masini ilikuwa inaandika kwenye diski. Ongeza vumbi linaloziba ventilateri, na joto letu hili. Tusishangae ikikwama.

Ikikwama, kwanza tungoje. Taa ndogo ya diski ikiwaka-waka, bado iko kazini, muache hata dakika kumi. Kisha mufinye Verr Maj. Taa yake ikibadilika, akili ya masini bado iko, ni programu moja tu imelala. Finya pamoja Ctrl, Alt na Suppr, chagua Gestionnaire des tâches, tafuta ile imeandikwa « ne répond pas », bonyeza Fin de tâche. (Vile vifungo vitatu vilipangwa na David Bradley, fundi wa IBM, karibu na 1981. Alitaka mutu asivifinye kwa bahati mbaya.)

Taa isipobadilika, finya kifungo cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde kumi, mpaka kioo kiwe cheusi. Ngoja nusu dakika, washa. Kazi ambayo hamukuenregistrer itapotea, ndiyo, lakini ya jana iko pale. Masini ikirudi na maandishi meupe juu ya weusi, inahesabu asilimia, inakagua diski: hapana kuizima! Hata kama mtoto analia anataka filme yake.

Ikikwama tena na tena, chomoa flashi, chomoa masini ya kuchapa, ujaribu. Kwenye Windows 10 shikilia Maj wakati unabonyeza Redémarrer, utafute mode sans échec. Kwenye Windows 7 ni F8 mara tu inapowaka. Ikifunguka hapo, usianze kutafuta ugonjwa. Kopia kwanza rejista kwenye flashi.

Sasa fundi. Tuko na mafundi wazuri, Makiso mpaka Mangobo, lakini wengine neno lao la kwanza ni formatage, sababu ni kazi ya saa moja na pesa inalipwa. Kooperative moja ngambo ya Lubunga ilipeleka masini yake hivyo. Ikarudi inakimbia kama mpya, tupu kabisa. Madeni ya ekipe zote yalikuwa humo. Supporteri akaja na hesabu yake mwenyewe, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumjibu. Watu wakalipa walichoambiwa. Sisi wa sendika tulikaa nao siku mbili, tukashindwa, sababu hakuna kitu cha kuonyesha.

Mujue hivi: Windows kuharibika si diski kufa. Mara nyingi diski inaweza kutolewa, ikafungwa kwenye masini ingine, na mafaili yakasomwa pale. Mwambie fundi: toa mafaili kwanza, tuyaone kwa macho yetu, kisha fanya unavyotaka. Akikataa, chukua masini yako, uende kwa mwingine. Diski ikipiga kelele tak-tak, zima palepale, usiwashe tena mpaka imfikie mtu anayejua.

Na kila siku ya posho, rejista ikopiwe kwenye flashi mbili: moja kwa mweka hazina, ingine isilale nyumba moja na ordinateri. Jumla ya kila ekipe iandikwe pia kwenye deftari kwa biki, na sahihi ya kapita wa ekipe chini yake.