Nishati ya Nafsi na Msiba Usio na Matanga

Kambini Nduta, wilayani Kibondo, Tanzania, mkimbizi anaweza kuwa na pa kulala, mgao wa chakula na maji ya bomba, na bado akashindwa kuinuka asubuhi. Majirani husema ana mawazo mengi. Wasiomjua humwita mvivu. Saikolojia changanuzi ya Sigmund Freud ina maelezo mengine: nguvu zake zipo, ila zimeshikwa na kazi isiyoonekana.

Freud alifunzwa Vienna katika maabara ya Ernst Brücke, aliyeamini kuwa uhai wote huendeshwa na nguvu za fizikia na kemia. Tayari mwaka 1847 Hermann von Helmholtz alikuwa ameeleza kwamba nishati haipotei, hubadilika umbo tu. Mwaka 1895 Freud alijaribu kuielezea akili kwa mtazamo huo. Kila wazo, pendo au hofu hubeba kiasi fulani cha nishati. Ile ya mapenzi na tamaa aliiita libido. Ni kama fedha ya mfukoni: ukishaitia shambani, huna ya kununulia ng'ombe.

Katika insha yake ya mwaka 1917 kuhusu maombolezo, alieleza kuwa mfiwa ana kazi ya kuiondoa nishati hiyo kwa marehemu, kumbukumbu moja baada ya nyingine, huku hali halisi ikimthibitishia kuwa mpendwa hayupo tena. Kazi hiyo ikiisha, mtu huwa huru kupenda na kutenda upya.

Nduta inaonyesha ugumu wa kazi hiyo. Kambi ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia machafuko yaliyoanza Aprili mwaka huo. Baadhi yao waliwahi kukimbia mwaka 1993, na wazee mwaka 1972. Walichopoteza hakikufa: shamba liko palepale ng'ambo ya mpaka. Tangu Septemba 2017, urejeaji wa hiari ulipoanza, kila familia imelazimika kujiuliza irudi au ibaki. Aliyefiwa huzika, akakaa matanga, akaanua. Mkimbizi hana siku ya kuanua.

Hata hivyo, nadharia hii ya Freud ina kasoro kubwa. Hakuna kipimo kilichowahi kuipima nishati ya nafsi. Tena imewafanya wengi waamini kuwa uchungu ni kitu cha kumwagwa tu, na kwamba mtu akishalia na kusema atapona. Lakini kulia na kusema tu hakutoshi: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka makazi ya Imvepi, Uganda, uliwahusu wakimbizi 43 wa Sudan. Kundi moja lilisaidiwa kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu kuzaliwa hadi leo, katika vikao vinne. Baada ya mwaka, asilimia 29 ya kundi hilo walikuwa bado na ugonjwa wa kiwewe. Katika makundi mawili yaliyopewa ushauri nasaha au elimu tu, walikuwa karibu asilimia 80. Inaelekea kilichosaidia ni kuipa habari mwanzo, kati na mwisho.

Freud mwenyewe alikimbilia London mwaka 1938, akafia huko mwaka uliofuata. Hesabu yake ya nishati imepitwa na wakati, lakini alichokiona kwa mfiwa kingali kweli: kuomboleza ni kazi, nayo huchosha. Kwa hiyo mshauri nasaha kambini asimharakishe mtu, na wenye mamlaka wajue kuwa jibu la wazi na la kweli kuhusu kesho ya mkimbizi ni sehemu ya tiba yake.