Usajili wa Klabu ya Umma Si Siri ya Watu Wachache

Kila msimu madirisha mawili ya usajili wa wachezaji hufunguliwa katika soka la nchi yetu. Lipo dirisha kubwa la kati ya mwaka, kabla ligi haijaanza, na lipo dirisha dogo la Desemba na Januari, ligi ikiwa imefika katikati. Yanapofunguliwa, wapenzi wa timu hujaa matumaini. Yanapofungwa, mara nyingi hubaki na manung'uniko. Katika Mkoa wa Geita, na katika visiwa vya Ziwa Victoria vilivyo jirani nao, manung'uniko hayo si mapya, nasi tunaona haifai kuyapuuza kana kwamba ni kelele za vijiweni.

Tunasema hivyo kwa sababu Geita Gold haikuwa mali ya tajiri mmoja. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021 ikiwa timu ya halmashauri, wakati ule Halmashauri ya Mji wa Geita, ikisaidiwa na udhamini wa Kampuni ya Mgodi wa Dhahabu wa Geita. Timu iliyo chini ya halmashauri ni mali ya mwananchi. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu ana sehemu yake humo, na mvuvi wa Izumacheli ana sehemu yake. Mali ya namna hiyo ni amana, na mwenye kupewa amana hana budi kuitolea hesabu.

Yafaa tuikumbuke safari yenyewe ili tuone makosa yalipokaa. Chini ya mwalimu Fred Felix Minziro timu ilipanda daraja, na katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, yaani 2021/22, ilimaliza ikiwa ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Mshambuliaji wake, George Mpole, alifunga mabao 17, akawa mfungaji bora wa ligi nzima na kumwacha kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga. Ilikuwa fahari kubwa kwa mkoa ambao wakati huo ulikuwa na umri wa miaka 10 tu tangu kuanzishwa mwaka 2012. Nafasi ile ya nne ikaipeleka timu katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako ilitolewa katika hatua ya awali na Hilal Alsahil ya Sudan kwa sheria ya bao la ugenini. Kutolewa kwa namna hiyo si aibu kwa timu changa.

Mtihani wenyewe ulikuja katika usajili. Katika dirisha kubwa la mwaka 2022 klabu ilitafuta watu wenye majina. Alikuja Saido Ntibazonkiza, raia wa Burundi aliyekuwa ametoka Yanga. Alikuja pia beki mkongwe Kelvin Yondani, ambaye alikuwa amezichezea Simba na Yanga kwa miaka mingi. Wapenzi walishangilia, na hatuwezi kuwalaumu, kwani Ntibazonkiza alikuwa fundi kweli. Lakini dirisha dogo la msimu huohuo lilipofika, Ntibazonkiza alikwenda Simba, na Mpole alikwenda Lubumbashi, nchini Kongo, kuichezea Saint-Éloi Lupopo. Wachezaji wawili waliokuwa tegemeo la mashambulizi wakaondoka katika majuma machache, ligi ikiwa katikati. Msimu ulipokwisha, Ntibazonkiza alikuwa mfungaji bora pamoja na Mayele, kila mmoja akiwa na mabao 17. Sifa hiyo iliandikwa kwa jina la Simba.

Mwaka uliofuata mambo hayakutengemaa. Msimu wa 2023/24 ulianza na mwalimu Hemed Suleiman, na kabla haujakwisha timu ilikuwa mikononi mwa Denis Kitambi. Mwisho wake Geita Gold ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Kutoka nafasi ya nne hadi kushuka ilikuwa safari ya misimu mitatu tu. Mtibwa walirejea Ligi Kuu baada ya msimu mmoja, lakini msimu wa 2024/25 ulikwisha Geita ikiwa bado katika Championship.

Wako wanaosema kwamba timu ilishuka kwa sababu haikuwa na vipaji. Ushahidi unakataa. Mwaka 2024, timu ikiwa imeshuka, Valentino Mashaka alichukuliwa na Simba. Offen Chikola alikwenda Tabora United, na mwaka uliofuata akasajiliwa na Yanga. Kwa hiyo ndani ya kikosi kilichoshuka walikuwamo vijana ambao klabu kubwa za nchi ziliona wanafaa. Mpole naye alirudi nyumbani mwaka huohuo wa 2024 na kutua ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Mwanza, kwa Pamba Jiji. Vipaji vilikuwapo. Kilichokosekana ni mpango wa kuvifunga pamoja, kuvitunza, na kuandaa mrithi kabla mwenye nafasi hajaondoka.

Tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa Geita peke yake. Katika ukanda wetu wa madini tumeuona mara tatu. Stand United ya Shinyanga, timu iliyozaliwa kwa watu wa stendi na kuitwa Chama la Wana, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2014, ikapata udhamini wa kampuni ya madini ya Acacia, ikaleta hata mwalimu Mfaransa, Patrick Liewig. Fedha zilipoingia, ugomvi wa uongozi nao ukaingia, na mwaka 2019 timu ikashuka. Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ilipanda mwaka 2015 ikiwa na Jamhuri Kihwelo, Julio, na ikashuka mwaka 2021, mwaka uleule ambao Geita ilikuwa inapanda. Stand ilidumu misimu mitano, Mwadui sita, Geita mitatu. Ukanda unaotoa dhahabu na almasi kwa dunia nzima umeshindwa kudumisha timu hata moja kwa miaka 10 mfululizo katika kipindi hicho. Jambo hili linataka tulitazame kwa makini.

Sababu ya kwanza ni kusajili majina badala ya kusajili nafasi. Timu yenye mpango hujiuliza kwanza inakosa nini: beki wa kushoto, kiungo mkabaji, au mshambuliaji wa pili. Kisha humtafuta mtu wa kuziba pengo hilo. Timu isiyo na mpango husubiri kuona nani ameachwa na timu za Kariakoo, ikamkimbilia. Hatusemi kwamba mchezaji mkongwe hana faida. Mkongwe mmoja au wawili huwafundisha vijana utulivu. Lakini mkongwe aliyekuja kumalizia safari yake hawezi kuwa msingi wa nyumba.

Sababu ya pili ni mikataba mifupi. Tangu hukumu ya Bosman iliyotolewa Ulaya mwezi Desemba 1995, dunia nzima ya soka imezoea kwamba mkataba ukiisha mchezaji yu huru, na klabu yake haipati hata senti. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita katika mkataba wake anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine itakayomchukua muda huo ukiisha. Maana yake ni kwamba kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja yu sokoni kuanzia katikati ya msimu wake wa kwanza. Klabu ndogo haiwezi kumzuia mchezaji asiende palipo na maslahi makubwa zaidi, wala haki haitaki azuiwe, kwani miguu yake ndiyo shamba lake na miaka yake ya kulima ni michache. Lakini klabu inaweza kumpa kijana mkataba wa miaka mitatu wenye nyongeza ya mshahara kila mwaka, ili siku akiondoka aache fedha za kumsajili na kumlea mwingine.

Sababu ya tatu ni kutolima mbegu. Kanuni za kimataifa zinasema kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi alipotimiza 23. Fedha hizo hulipwa kwa klabu yenye kumbukumbu za malezi. Ni klabu ngapi za ukanda wetu zina daftari linaloonyesha kijana fulani alijiunga lini, akiwa na umri gani, na akafundishwa na nani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo inauhusu uwanja wa mpira kama inavyolihusu duka.

Hapa ndipo ndugu zetu wa visiwani wanapoingia. Vijana wa Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome na Izumacheli hucheza mpira mchangani jioni, mitumbwi ikiwa imepumzika. Hushindana katika UMITASHUMTA na UMISSETA wakiwa wanafunzi, na wakitoka hapo wengi wao husahaulika. Nauli ya kivuko na ya basi hadi kwenye majaribio ya timu si jambo dogo kwa kijana wa namna hiyo, na ya kumleta mchezaji aliyeachwa Dar es Salaam ni kubwa zaidi. Klabu inayogharimia safari ya mkongwe kutoka pwani inashindwaje kumtuma mwalimu mmoja avuke maji mara mbili kwa mwaka, akae siku tatu katika kila kisiwa, na kuandika majina?

Wapenzi wa Geita wamekwisha kuonyesha kwamba wanaipenda timu yao. Katika msimu wa 2021/22, timu ilipocheza michezo yake mikubwa ya nyumbani katika Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, mtu wa Geita alilazimika kuvuka kwa kivuko kutoka Busisi hadi Kigongo ili aione timu yake. Baadaye walijaa Nyankumbu, kwao wenyewe. Watu wa namna hii wanastahili kuambiwa ukweli. Tunawaomba nao wajitazame. Mpenzi anayeshangilia jina kubwa mwezi Agosti, akamzomea kijana wa miaka 18 aliyekosea pasi moja mwezi Septemba, humfanya kiongozi aogope kulea. Tukidai majina tutaletewa majina.

Kwa viongozi wa Serikali na wa halmashauri zetu tuna ushauri ulio wazi. Kwanza, kila dirisha la usajili likifungwa, taarifa ipelekwe kwenye Baraza la Madiwani: nani ameingia, kwa nafasi gani, kwa mkataba wa muda gani, nani ameondoka, na klabu imepata nini. Hatutaki siri za mazungumzo zianikwe yakiwa bado yanaendelea, bali hesabu baada ya kazi kwisha. Baraza linalouliza bei ya mabati ya zahanati linaweza pia kuuliza bei ya mshambuliaji.

Pili, sehemu maalumu ya bajeti ya timu itengwe kwa ajili ya vijana, na isiguswe hata timu ikiwa katika hatari ya kushuka. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yaliwataka wenye migodi kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Uwanja ni jambo jema, lakini hauchezi mpira. Iko siku dhahabu itapungua, kama ilivyotokea Geita mwaka 1966, mgodi wa wakoloni ulipofungwa. Timu inayotegemea mdhamini mmoja itakuwa wapi siku hiyo?

Tatu, mwalimu apewe muda na apewe sauti katika usajili. Pamba Jiji, timu ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 baada ya miaka mingi, ikaanza na mwalimu Goran Kopunović, na kufikia mwezi Oktoba ilikuwa imempa kazi Minziro. Mwalimu anayepokea kikosi kilichochaguliwa na mwenzake, au na kamati, hulaumiwa kwa chakula ambacho hakukipika.

Hatuandiki haya ili kumfurahisha mtu au kumkomoa mtu. Kila kiongozi aliyeipandisha Geita mwaka 2021 anastahili shukrani za mkoa mzima. Lakini kupanda ni kazi ya msimu mmoja, na kudumu ni kazi ya kila dirisha. Dirisha lijalo litafunguliwa kama kawaida, na wapenzi watauliza kama kawaida ni nani anakuja. Tunawasihi waulize pia amekuja kwa miaka mingapi, anaziba pengo gani, na ni kijana gani wa kwetu anayeandaliwa kukaa mahali pake. Viongozi wakiwa na majibu ya maswali hayo matatu, manung'uniko yatapungua, hata timu ikifungwa.