Kipato cha Miezi Michache si Kipato cha Mwaka

Katika milima ya Mahango, fedha haziingii nyumbani kwa kiasi kilekile kila mwezi. Huingia wakati wa mavuno ya kahawa, kisha hupungua. Na huongezeka tena pale mmoja wa jamaa anapopata kazi ya muda katika ujenzi wa barabara, katika kiwanda cha saruji cha Hima, au katika ofisi fulani huko Bwera. Mishahara ya miezi hiyo michache ndiyo inayolipa karo ya shule na kuezeka nyumba. Kwa hiyo, ni jambo la maana wananchi wafahamu jinsi sheria ya kodi inavyolitazama ongezeko la namna hii.

Nchini Uganda mwajiri hukata kodi ya mshahara kila mwezi kabla ya kumlipa mfanyakazi. Lakini mwaka wa kodi huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, na kiwango cha kodi kwa mtu binafsi huwekwa kwa mwaka. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2012, mshahara usiozidi shilingi 235,000 kwa mwezi hautozwi kodi, yaani shilingi 2,820,000 kwa mwaka. Hapo ndipo penye jambo tunalotaka kulieleza.

Tuchukue mfano wa kijana aliyefanya kazi miezi 4 tu katika mwaka mmoja wa kodi, kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, na hakuwa na mapato mengine yanayotozwa kodi. Kwa viwango hivyo, atakatwa asilimia 10 ya shilingi 100,000 zinazofuata baada ya zile 235,000, asilimia 20 ya shilingi 75,000, na asilimia 30 ya shilingi 190,000 zilizobaki. Jumla ni shilingi 82,000 kwa mwezi, au shilingi 328,000 kwa miezi yote 4. Hata hivyo, pato lake la mwaka mzima ni shilingi 2,400,000, nalo halikufikia kiwango cha kutozwa kodi. Amekatwa kana kwamba angelipwa hivyo miezi 12.

Sheria haikumwacha mtu huyo bila njia. Mlipa kodi aliyetozwa zaidi ya anachodaiwa anaruhusiwa kuomba kurudishiwa ziada na Mamlaka ya Mapato ya Uganda, ikiwa hana deni jingine la kodi. Lakini fedha hizo hazirudi zenyewe. Yampasa awe na namba ya mlipa kodi, ajaze taarifa ya mapato yake ya mwaka, na aonyeshe ushahidi wa kodi iliyokatwa. Kwa sababu hiyo, mtu asiondoke kazini bila hati za mishahara na barua ya mkataba yenye tarehe za kuanza na kumaliza. Aangalie pia tarehe 30 Juni: kazi iliyoanza Mei na kumalizika Agosti huhesabiwa katika miaka miwili ya kodi. Na mapato mengine yanayotozwa kodi asiyafiche, kwani hesabu ya mwaka huyajumlisha.

Familia za askari nazo zinahusika. Mshahara wa askari wa jeshi hautozwi kodi ya mapato, lakini msamaha huo ni wa askari mwenyewe. Mke wake au mwanawe akiajiriwa kwa muda katika kazi ya kiraia, hukatwa kama raia wengine, na haki ya kudai ziada ni yake vilevile.

Baadhi ya wazee huogopa kwamba kijana wa nyumbani akipata mshahara, wao watanyimwa ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi, iliyoenezwa nchini kote kwa wenye umri wa miaka 80 na zaidi. Hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa ruzuku hiyo ilienezwa kwa kigezo cha umri, si kwa kupima mshahara wa mtoto au mjukuu.

Mambo ni tofauti pale ambapo msaada wa familia hufuata kipato. Nchini Uingereza, kuanzia Aprili 2003 hadi Aprili 2025, familia zenye kipato kidogo zililipwa ruzuku kupitia idara ya kodi kwa kupima pato la mwaka. Pato lilipopanda, pauni 2,500 za kwanza za ongezeko hazikuhesabiwa katika mwaka huo. Lakini waliozidisha hapo walijikuta wakidaiwa kurudisha fedha walizokwisha kuzitumia kwa chakula na kodi ya nyumba. Malalamiko yalikuwa makubwa hata serikali ikapandisha kiwango hicho kuwa pauni 25,000 mwaka 2006. Baadaye kikashushwa kwa hatua mpaka kikarudi pauni 2,500 mwaka 2016.

Funzo la nchi zote mbili ni moja. Kipato kinachopanda kwa muda mfupi hakina budi kupimwa kwa mwaka mzima, la sivyo mwenye kipato kidogo hutozwa kama tajiri. Sheria yetu imeweka kipimo hicho. Kazi iliyobaki ni ya mwananchi kutunza karatasi zake na kudai kilicho chake. Shilingi 328,000 si fedha za kuachwa zipotee.